Shajara ya mradi: wiki 12 za magugu maji, Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu

13 Januari

Tumeanza. Watu tisa, mitumbwi miwili, reki sita, mapanga manne, wilbaro mbili (moja gurudumu lake halina upepo) na gambuti jozi nane. Gambuti nimezihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea. Aliyekosa ni mimi, na ndivyo nilivyopata kazi ya kuandika shajara hii. Msimamizi alinitazama miguuni, akaona ndala, akanipa daftari. "Wewe leo huingii majini. Kaa ukingoni uandike." Kichocho hakichezewi hapa. Konokono wanaokibeba hupenda kujificha kwenye mizizi ya magugu, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu ulio wazi bila hata mkwaruzo.

Lengo la mradi, kama tulivyosomewa: kufungua njia ya maji yenye urefu wa mita 180 na upana wa mita 4, kutoka mahali pa kuegesha mitumbwi, kandokando ya mafunjo, hadi maji wazi. Ifunguliwe kabla ya masika, na ibaki wazi. Hilo neno "ibaki" msimamizi amelirudia mara tatu. Mimi nilikuwa nikitazama saa.

Mkataba ni wiki 12, shilingi 700 kwa siku, malipo kila baada ya wiki mbili. Mama yangu amesema, "Miaka miwili ya chuo, halafu ukang'oe majani?" Sikumjibu. Karo ya hicho chuo aliilipa yeye.

14 Januari

Gambuti zimepatikana, kubwa kwangu kwa namba mbili. Nimeweka soksi za ziada.

Somo la kwanza ni kutambua mama na mtoto. Gugu maji halisubiri mbegu ili lizaliane. Hutoa kikonyo kirefu kinachotambaa juu ya maji, na mwisho wa kikonyo mtoto anachipuka na kuota mizizi yake. Ukivuta kwa pupa, kikonyo kinakatika, mama anakuja na mtoto anaelea zake kwenda kuanza mji mwingine. Kwa hiyo reki inaingizwa chini, inainuliwa polepole, kisha unafuata vikonyo kwa mkono hadi mwisho. Mbegu nazo zipo, tena ni za kuogofya. Zikizama kwenye tope zinaweza kukaa zaidi ya miaka 15 na bado zikaota. Hizo hakuna reki inayozifikia.

Kijana mmoja wa mtaa wa Nyalenda aliyewahi kufanya kazi hii anang'oa akiimba. Mimi nang'oa nikihema.

17 Januari

Leo tumepima. Tuna fremu ya mbao ya mita moja kwa moja. Unaiweka juu ya zulia la magugu, unatoa kila kilichomo, unahesabu, unaacha maji yachuruzike, unapima. Tumeteua vituo kumi na kuvipa namba. Kituo namba 4 kimetoa mimea 58, kilo 31.

Nikakaa chini ya mti na kalamu. Mita 180 mara 4 ni mita za mraba 720. Mara kilo 31 ni kilo 22,320. Tani ishirini na mbili na kitu! Mtumbwi wetu mkubwa tunaupakia kilo 300 hivi, zaidi ya hapo unaanza kunywa maji. Hiyo ni safari zaidi ya 70. Nilimpelekea msimamizi hesabu hiyo nikidhani atashtuka. Akasema, "Na hiyo ni mara ya kwanza tu."

Sampuli nimeianika juu ya bati nione itabaki kiasi gani. Wanasema gugu maji ni maji kwa zaidi ya tisa katika kumi.

20 Januari

Tumeanza saa tatu badala ya saa moja. Kiboko alikuwa ndani ya njia yetu. Tumemfungulia barabara, naye ameipenda. Mzee mwenye mtumbwi, tunayemwita Jaduong', alituambia tukae tunyamaze, tusirushe kitu, tusipige kelele. "Yeye ndiye mwenye nyumba. Sisi wageni wa asubuhi." Alipoondoka kwa hiari yake tukaingia.

Bati: kilo 31 zimebaki kilo 1.8. Yaani tunahamisha ziwa kwa wilbaro.

24 Januari

Mita 61! Njia imenyooka, maji yanaonekana, kuna ndege mdogo wa buluu aliyekuwa akipiga mbizi palepale tulipotoa magugu saa moja tu iliyopita. Nimepiga picha nikamtumia mama. Amejibu kwa kidole gumba. Kwa mama yangu hayo ni mashangilio.

27 Januari

Sijui niandike vipi. Tumekuta njia imefunga. Mita zote 61. Ukitazama huwezi kusema mtu aliwahi kupita hapo.

Upepo, basi. Hapa Kisumu asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mazulia ya magugu yanasogea mbali, ukingo unaonekana safi. Kuanzia adhuhuri ziwa linajibu. Upepo unatoka magharibi kuingia nchini, na ghuba yetu ni kama mkono wa nguo ulioshonwa mwisho, kwa hiyo kila kinachoelea kinasukumwa kuja kona hii ya mashariki na hakina pa kutokea. Mvuvi yeyote wa Dunga anajua hivyo tangu utotoni. Sisi tulikuwa tukifanya kazi asubuhi, tunafurahia nafasi, tunaenda nyumbani saa nane wakati ziwa ndipo linaanza zamu yake.

Jaduong' hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Alisema tu, "Nyathina (mwanangu), unafagia uwanja na mlango wa nyuma uko wazi."

Namba ya leo: mita 0. Msimamizi aliniambia niiandike hivyo hivyo.

2 Februari

Jumapili. Leo ni Siku ya Ardhioevu Duniani, kumbukumbu ya mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Ziwa Nakuru ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha yake, mwaka 1990. Nimelala mchana kutwa, mgongo unauma.

5 Februari

Siku mbili tumejenga kizuizi. Mianzi mirefu imefungwa ncha kwa ncha, chini yake mitungi mitupu ya plastiki iliyofungwa vifuniko vizuri, na upande wa chini tumening'iniza nyavu kuukuu zilizochanika kiasi cha samaki kupita na magugu kubaki. Kamba ya nailoni, nguzo mbili, nanga mbili za mawe.

Nilidhani tutakiweka kikingame mdomo wa njia, kama lango. Jaduong' akakataa. Zulia zito likisukumwa na upepo wa alasiri likakutana na lango, ama linalivunja au linalikalia. Tumekiweka mshazari, ili magugu yakifika yateleze pembeni yakakusanyike kwenye kona moja ambako tunaweza kuyapakia tukisimama. Fundo la pili kutoka nguzo ya kusini nimelifunga mimi. Nimefundishwa mara nne kabla halijakubaliwa.

Leo alasiri hatukwenda nyumbani. Tulikaa ukingoni na mandazi tukatazama upepo ukija. Zulia la kama uwanja wa voliboli lilifika, likagusa mianzi, likasita, likaanza kuteleza. Kijana wa Nyalenda alipiga mbinja.

11 Februari

Hili kosa ni langu na naliandika mimi mwenyewe.

Tangu wiki ya kwanza nilikuwa ndiye ninayeonyesha mahali pa kumwaga. Nilichagua karibu, mita chache kutoka majini, kwa kuwa wilbaro nzima ni moja na watu wamechoka. Nikayarundika marefu, ili yasichukue nafasi. Leo nimepitia rundo la siku ya pili, lenye umri wa majuma manne. Juu limekauka kabisa, rangi ya tumbaku. Nikaingiza uma: ndani ni kijani. Mimea iliyokaa katikati ilikuwa na unyevu, kivuli na joto, kama imelazwa kitandani. Na ule ukingo wa chini wa rundo, ziwa lilipopanda kidogo wiki iliyopita, ulikuwa umeanza kuelea tena. Nimehesabu mimea 40 na ushei iliyokuwa njiani kurudi.

Tumetumia siku mbili kuhamisha upya tulichokwisha kuhamisha. Watu hawakunilaumu kwa maneno, ila mazungumzo yalipungua. Sasa utaratibu ni huu: tunapanda nayo hadi juu ya mstari wa takataka unaoonyesha maji ya juu yalifika wapi, tunayatandaza unene usiozidi kiganja, mizizi ikitazama jua. Siku tano za jua la Kisumu zinatosha. Yaliyokauka wanachukua wakulima wawili kufunikia udongo wa mboga zao za sukuma wiki, nasi tumewaomba wasichukue yenye maua, kwa sababu ya mbegu.

13 Februari

Mama mmoja anayesuka mikeka amekuja na hasira, na alikuwa na sababu. Mmoja wetu, mgeni wa juzi, alikuwa amefyeka mafunjo karibu mita mbili ili apate pa kusimama. Mama alimwuliza taratibu, "Hii nayo ni kwekwe?" Kijana akanyamaza. "Hii ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Mtu hukata iliyokomaa, huacha changa. Wewe umekata zote kama nywele za mgonjwa."

Ni kweli tulikuwa hatujafundishana vizuri. Kwa mtu wa kwanza kufika, kijani ni kijani. Lakini mafunjo ni ya hapa, yanachuja maji machafu ya mjini kabla hayajaingia ziwani, na kuna ndege wasioishi popote ila ndani yake. Jaduong' ametuonyesha mmoja: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa njano. Gugu maji asili yake ni bonde la Amazon, na lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama yule ni mkubwa kuliko gugu hili kwa miaka mingi, na analikumbuka ziwa bila hilo.

Msimamizi amefunga vitambaa vyekundu kwenye mpaka wa mafunjo. Hakuna panga kupita hapo.

18 Februari

Siku bora kuliko zote mpaka sasa, na hatukung'oa chochote.

Tulikuwa tumepanga kuanza upande wa magharibi wa zulia, karibu na kituo namba 7. Msimamizi alivunja jani moja akatuzungushia. Lilikuwa na vidoadoa, kama mtu ameligusagusa kwa ncha ya kijiti na kubandua ngozi ya juu tu, kila kidoa na umbo la pembe nne. "Nani amefanya hivi?" Tukakisia mvua ya mawe, konokono, dawa. Akachana shina kwa kisu cha mfukoni. Ndani palikuwa na handaki, na mwisho wa handaki kiwavi mweupe kama punje ya wali uliopikwa.

Ni fukusi, mdudu anayekula gugu maji. Wapo wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wote asili yao ni Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe. Waliachiwa upande wa Kenya mwaka 1997 na taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati huo, KARI, ambayo leo ni KALRO. Mkubwa hutafuna jani usiku na mchana hujificha kwenye maungio ya majani. Ana urefu wa kama milimita tano, rangi ya vumbi. Lakini anayeua hasa ni yule kiwavi. Anashuka ndani ya shina hadi kwenye moyo wa mmea, maji yanaingia kwenye handaki, shina linaoza, mmea unazama. Magugu yalipopungua sana ghubani kwetu kuelekea mwaka 2000, wapo waliowapa sifa fukusi na wapo waliosema ni El Niño ya 1997 na 1998. Msimamizi anasema acha wabishane, yeye anahesabu vidoa.

Halafu akasema jambo lililonifanya nikae nalo siku nzima. Tangu Januari tumekuwa tukianza na mimea iliyo karibu zaidi, yoyote ile, wagonjwa na wazima pamoja. Kila wilbaro yenye majani ya vidoa tuliyoianika juani ilikuwa na vibarua wenzetu ndani yake. Wao hawahitaji gambuti wala shilingi 700. Na tangu yai hadi fukusi mzima ni kama miezi mitatu, kutegemea joto, yaani karibu mkataba wetu wote. Ukiua kizazi kimoja kwa haraka yako, hutakuwepo kuona kinachofuata.

Kwa hiyo tumebadilisha ramani. Kila kituo tunahesabu vidoa kwenye jani la pili kutoka katikati. Penye vidoa vingi hapaguswi. Penye majani laini, marefu, yanayong'aa kwa afya, hapo ndipo reki inaingia. Na mimea 200 yenye viwavi tumeivuta kwa kamba taratibu hadi kwenye zulia zima lililo upande wa nje wa kizuizi, tukaichomeka katikati. Nimejisikia kama mtu anayepeleka mahari.

Kituo 7: vidoa 64 kwa jani, wastani wa mimea kumi. Kituo 4: vidoa 6.

26 Februari

Malipo yamechelewa siku tisa. Tuliambiwa ni mtandao. Mtandao huohuo unatutumia ujumbe wa kutukumbusha kufika saa moja kamili. Watu wawili wameacha kazi wakaenda kwenye mjengo, siwalaumu. Tumebaki saba.

3 Machi

Jaribio dogo la kwangu, kwa ruhusa. Nimezungushia mimea 10 michanga ndani ya fremu inayoelea, nyuma ya kizuizi ambako upepo hauisumbui. Nitahesabu baada ya siku 12.

Alasiri tumehamia nchi kavu kung'oa kichaka cha miiba kinachofumba majani ukikigusa, mimosa pigra. Maganda yake yana manyoya na yanaelea, ndivyo anavyosafiri. Ukimkata anachipua, lazima shina litoke na mizizi. Mikono yangu imekuwa kama ramani. Sina zaidi la kusema juu ya mmea huu ambalo ni la kuandikika.

15 Machi

Fremu: 10 wamekuwa 19. Siku kumi na mbili. Nilimwonyesha mama picha ya daftari, akasema angependa kuku wake wangekuwa hivyo.

Njia imefika mita 180 jana jioni. Safari za mtumbwi zilizoandikwa: 81, bila zile za kosa langu. Jaduong' alipita na injini bila kuizima wala kuinua propela, akaenda hadi maji wazi, akageuza, akarudi. Hakusema neno. Alitupatia samaki mmoja mkubwa, mbuta, tukala na ugali.

24 Machi

Masika yamefika, usiku kucha radi. Maji ya kahawia. Mito imeshusha udongo wa mashamba na mbolea yake, na mji umeshusha ya kwake. Hicho ndicho chakula cha gugu: nitrojeni na fosforasi, bure, kila mwaka. Ukiwa hapa na reki unajiona mtu anayekausha sakafu huku bomba linatiririka ghorofani. Nilimwambia msimamizi hivyo. Alisema ghorofani kuna watu wengine wenye mikataba yao, halafu akanionyesha chupa, mkoba wa shule na kiatu kimoja vilivyokuja na maji.

Kizuizi kilisogea mita tatu, nanga moja iliburuzwa. Tumeongeza mawe. Mitungi miwili ilikuwa imejaa maji, vifuniko vilikuwa vimelegea.

4 Aprili

Siku ya mwisho ya mkataba. Vipimo vya kufunga: njia mita 180, upana kati ya mita 3.5 na 4.5, wazi. Kituo 4, upana wote umetolewa. Kituo 7 mimea imefupika, mingi majani yake yamekuwa kahawia na imeinama upande, na jani la pili lina vidoa 90. Zulia la nje tulikopeleka wale 200: vidoa 11 kwa jani, kutoka 3. Ni kidogo. Lakini nimemkuta mmoja mzima, amekaa kwenye maungio ya jani, ameficha kichwa chini. Nilimrudisha palepale.

Nimekabidhi reki, daftari nimebaki nalo. Gambuti tulizisugua kwa brashi na kuzianika kabla ya kuzirudisha, maana tope la soli linaweza kubeba mbegu hadi bwawa la mtu kule Kibos. Malipo ya wiki mbili za mwisho bado.

Jaduong' amesema kesho saa kumi alasiri atapita kukagua kamba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepewa kazi hiyo hadi msimu ujao. Nimemwambia anisubiri pale penye mandazi. Lile fundo la pili upande wa kusini lilionekana limelegea, na jioni hii upepo umevuma hadi mabati ya jirani yakaimba.